Mkubwa Hapigi Simu

Mama yangu amekuwa na simu kwa zaidi ya miaka kumi na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpigia mtu hata mmoja. Siyo kwamba hajui kubonyeza, anajua sana. Wala siyo ubahili, ingawa majirani zetu wa Nyakakika hawakosi la kusema. Kwake ni adabu. Mdogo ndiye anayeanza na shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba. Basi na simu ni hivyo hivyo, mdogo apige, mkubwa apokee. Mzazi akianza kumtafuta mwanawe kwenye simu, kwa maoni ya Mama, huyo keshajishusha, na kesho wataanza kumtuma dukani.

Alichokuwa akifanya ni kubip. Simu yangu ikilia mara moja asubuhi na kukatika, maana yake nimeamka, niko mzima. Ikilia mara mbili, nipigie, nina neno. Ikilia mara tatu, acha ulichoshika, njoo. Mara tatu ilitokea siku moja tu, siku marehemu baba alipoanguka kwenye kibanja, katikati ya migomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kayanga, wilayani Karagwe, na darasa langu zima lilijua kwamba simu ya mwalimu ikilia mara moja kabla ya kengele, bibi wa Nyakakika kaamka salama. Vocha niliyomwekea Pasaka moja ilikaa ndani ya simu ile mwaka mzima bila kupungua, kama maji ya baraka.

Lakini namba yenyewe haikuwa kwa ajili yangu. Ilikuwa ya mdogo wangu, kitindamimba wetu. Ndiye aliyeinunua, kwa kibarua chake cha kuchuma kahawa za watu, akampa Mama simu na laini mkononi. Baadaye akagombana na baba kuhusu kipande cha kibanja, akaondoka, akavuka mpaka wa Murongo kwenda Uganda, akawa anahamahama na vibarua. Baba alipofariki habari zilimfika mazishi yamekwisha. Tangu hapo akaona aibu kurudi. Mara mbili tatu kwa mwaka aliomba simu ya mtu na kumpigia Mama, kwa namba aliyoishika kichwani: shikamoo Mama, niko mzima, nakuja. Haji. Namba yangu mimi hakuitaka kabisa, kwa sababu anajua mdomo wangu. Nami sikatai. Niliwahi kumwambia kwamba asiyezika baba yake asijidai kuuliza hali ya mama yake, na tangu siku hiyo simu zake hazikupita kwangu. Kwa hiyo kamba iliyobaki kati yake na nyumbani ilikuwa namba ile moja tu.

Sasa, asubuhi moja ya masika, simu yangu haikulia.

Nikafundisha kipindi cha kwanza huku jicho liko kwenye simu. Kipindi cha pili nikawaachia watoto hesabu ubaoni, nikapanda bodaboda, mvua inaninyea, nalia kabisa njia nzima. Dereva wa watu akanipa pole ya msiba. Nafika, Mama huyo hapo, amekaa jikoni anamenya ndizi, hana hili wala lile. Simu iko juu ya kinu, imewaka taa zake zote, kwenye kioo imeandikwa hakuna huduma.

"Mnara umeloa," Mama akasema. "Utakauka."

Mnara haukukauka. Nikapiga huduma kwa wateja kwa simu yangu, nikaweka sauti kubwa ili Mama asikie. Kampuni sitaitaja, maana nina laini yao nyingine na sitaki nayo ife. Sauti ya mwanamke ikatukaribisha, tamu mno, ya mshereheshaji wa harusi. Mama akakaa vizuri, akafuta mikono, akaitikia, akamuuliza kama watoto wake hawajambo. Sauti ikasema kwa Kiswahili bonyeza moja.

"Mbona hajibu salamu?"

"Siyo mtu, Mama. Ni mashine."

"Nani aliyeiweka mashine isiyosalimia kupokea wageni?"

Swali hilo mpaka leo sijapata wa kunijibia. Tulibonyeza moja, tukabonyeza tatu, tukabonyeza nyota, tukarudishwa mwanzo. Tukapigiwa muziki. Kila baada ya muda muziki unakatika, moyo unaruka, kumbe ni yule yule: simu yako ni muhimu sana kwetu. Kisha akatuuliza kama tungependa wimbo huo wawe wanausikia na wanaotupigia. Jamani! Mtu simu yake imekufa, unamuuzia wimbo! Ndizi zikaiva, tukala, tukaosha vyombo, sisi bado ni muhimu sana kwao.

Hatimaye akatokea msichana wa kweli, ana adabu, sauti imechoka. Akasema lazima kwanza ahakikishe anaongea na mwenye laini. Nikampa Mama simu. Jina akalitaja. Mwaka wa kuzaliwa akautaja, ule ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao na wenyewe aliubuni katekista.

"Asante mama. Sasa nitajie namba tatu ulizopiga hivi karibuni."

"Sijapiga."

"Kwa mwezi huu?"

"Tangu ninunuliwe hii simu."

Nikadakia kwamba huwa anabip tu, akasema simu isiyopokelewa mfumo hauioni. Nikasikia huko nyuma wenzake wakiongea na wateja wengine muhimu.

"Mama, mfumo unahitaji namba tatu."

"Uambie huo mfumo mimi ndiye mkubwa. Wao ndio wananipigia."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Msichana naye, nadhani, alitaka vyote viwili, lakini walimfundisha kutotaka chochote. Akasema samahani, bila namba tatu hawezi kuthibitisha kwamba Mama ni Mama, twende dukani kwao na kitambulisho. Kisha akauliza kama kuna lingine anaweza kutusaidia. Lingine! La kwanza liko wapi? Dakika hiyo hiyo ukaingia ujumbe kwangu: umeridhika kiasi gani na huduma yetu, moja hadi tano. Nikaandika sifuri. Ukarudi: jibu lako si sahihi.

Jumamosi tukaenda dukani, hapa hapa Kayanga. Mama alivaa gauni lake la kanisani, na kwenye bodaboda ya pili nyuma yetu ulikuja mkungu wa ndizi. Nilimkataza. Akaniuliza tangu lini mtu anapeleka shida nyumbani kwa watu mikono mitupu. Basi tukaingia na mkungu mahali pale penye viti vya rangi na picha za vijana wanaochekelea simu zao. Dada wa mezani akautazama mkungu, akatazama kamera iliyoko darini, akasema zawadi haziruhusiwi. Mama akauweka chini karibu na meza yake, akamwambia haya, usiupokee, ila usiuache ukanyauke.

Ikaja mashine ya alama za vidole. Kidole gumba, hakuna. Cha shahada, hakuna. Mkono wa kulia wote, mashine inawaka nyekundu tu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Dada akampa kitambaa afute, akampaka mafuta, akampulizia kwa mdomo. Miaka sitini ya jembe na kumenya ndizi, utomvu unaganda, unaukwangua kwa kisu, unaganda tena. Mashine gani itaona kitu hapo?

"Bibi, vidole vyako vimefutika," dada akasema.

"Vimefutikia kazini," Mama akajibu. "Vyako vitafutikia nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mashine ikawaka kijani, na watu wakapiga makofi, naapa, kama tumetoa mtoto wa kipaimara. Dada naye akafurahi. Akaandika, akasoma, uso ukabadilika kidogo, akasema ombi limepelekwa makao makuu, tusubiri siku tatu. Ila mkungu, tulipotoka, nilimuona mlinzi akiupitisha mlango wa nyuma.

Siku tatu zikaisha. Nikapiga, nikaambiwa siku tatu. Zikaisha, nikaambiwa niwape tena siku tatu kwa sababu awali ombi lilikosewa. Wiki iliyofuata nikaambiwa nipakue programu yao nifuatilie mwenyewe. Nikaipakua, ikataka kunitumia namba ya siri, ikaituma wapi? Kwenye laini ya Mama, ile iliyokufa! Nikacheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Kila mara nilisimulia habari upya tangu mwanzo, kwa mtu mpya, mwenye adabu mpya. Waliniita mpendwa mteja. Mume wangu hajaniita mpendwa mara nyingi hivyo.

Kufika hapo masika yakawa yamekwisha, kahawa zimeanza kuiva. Mama alikataa laini nyingine kabisa. Kila Jumamosi nikawa napanda Nyakakika kumuona kwa macho, na kila Jumamosi swali ni moja: "Mdogo wako atanipata wapi?" Mwanzoni alilisema kwa utani. Baadaye akawa analisema kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, na Mama ninayemjua mimi hawezi kuruka salamu. Chakula akawa anakidonoa tu. Nikaanza kuogopa.

Mwisho nikamchukua tukarudi dukani. Safari hii bila mkungu. Dada yule yule akatukumbuka, akainamisha macho, nikajua. Akasema laini ya Mama ilifungwa na mfumo mpya kwa sababu haikuwa na matumizi kwa muda mrefu, na ombi letu lilipokuwa makao makuu namba ikauzwa kwa mteja mwingine.

"Haina matumizi vipi? Mimi nampigia kila siku ya Mungu!"

"Kupokea siyo matumizi, madam. Mfumo unamhesabu anayepiga."

Hapo damu ikanichemka. Nilimpa vidonge vyake, na vya makao makuu nikampa avipeleke. Nikamwambia mfumo wenu umelelewa wapi, usiojua kwamba nyumbani kwa mzazi watu ndio wanakwenda? Kwamba mama mwenye watoto wanaompigia ana matumizi kuliko nyinyi nyote humu? Mnamfukuza mtu kwenye namba yake kwa kosa la kuheshimiwa! Mlinzi akasogea, akakumbuka mkungu, akarudi mlangoni. Dada wa watu machozi yakamlenga, akavuta droo, akatoa laini mpya. Akasema hii ni namba nzuri sana, Bibi, ina sifuri nyingi, rahisi kukariri.

Mama akaigeuzageuza kiganjani. "Ni nzuri," akasema. "Na nani anaijua?" Akairudisha mezani, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na gauni lake la kanisani. Sijawahi kumuona Mama amekaa chini barabarani.

Nikakaa naye. Nikatoa simu yangu na kufanya jambo ambalo, kwa akili zangu zote za ualimu, sikuwa nimelifanya siku zote zile nilizokuwa nagombana na mashine: nikaipiga namba ya Mama. Ikaita. Ikapokelewa.

Alikuwa mwanamume wa upande wa Kyerwa, fundi, maana vyuma vilikuwa vinagongwa nyuma yake. Nikamweleza. Akashusha pumzi.

"Mwalimu, hii laini imenitesa," akasema. "Tangu niinunue napigiwa na watu wananiamkia shikamoo Mama. Mimi nina ndevu!"

Nikamuuliza kama kuna aliyepiga kutoka Uganda.

"Huyo ndiye kiboko yao. Kapiga wiki iliyopita. Nikamwambia namba ni yangu, nimeuziwa dukani. Akauliza mwenyewe yuko wapi, nikamwambia mimi nitajuaje? Akaanza kulia. Nikajua ni matapeli hawa wa mtandaoni, nikakata. Kesho yake kapiga tena, ananiuliza amezikwa lini. Nikamwambia wewe, mimi ni fundi, sizikagi watu."

Mama alikuwa anasikia yote. Huku kwetu mzee akifariki, ukoo hukaa baada ya matanga na kugawana vitu vyake, nguo, redio, simu. Mtu mwingine akipokea simu ya mama yako, huulizi mara mbili. Mdogo wangu hajui mifumo. Alijua alichokulia.

Nikamsihi fundi atafute namba ile. Akaipata upesi, kwa sababu alikuwa ameihifadhi kwa jina la Tapeli. Akanisomea, nikaiandika kwenye kiganja, na Mungu ambariki fundi yule, aliomba radhi mpaka nikachoka kumwambia haidhuru. Nikaanza kubonyeza. Mama akanyoosha mkono.

"Lete. Nitapiga mwenyewe."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akainyakua simu, akakishika kiganja changu, akawa anatazama namba moja, anabonyeza, anatazama nyingine, anabonyeza. Akaniambia niweke ile sauti kubwa.

Akapokea mwanamke, mwenye duka. Mama akamsalimia kwa Kinyambo, na yule akaitikia kwa Kinyankole chao, lugha ambazo mwenye moja anamsikia wa nyingine bila mkalimani. Wakasalimiana kwa kirefu. Wakaulizana nyumbani, mvua, migomba, mpaka na mimi nikaulizwa hali bila kuonekana. Mimi nakaribia kupasuka. Ndipo Mama akamtaja kijana wake.

"Yule wa Karagwe?" mwanamke akasema. "Ai, maskini! Amefiwa na mama yake. Anakaa kwangu hapa uani. Amenyoa nywele, alikaa chini siku mbili hali kitu, ikabidi tuwaite majirani waje kumlilia. Anasema alimdanganya mama yake miaka yote kwamba anakuja. Ameshaomba ruhusa kwa tajiri wake, keshokutwa anavuka Murongo anakwenda kuona kaburi. Na wewe ni nani wake, Mama?"

"Mimi ndiye mama yake."

Ukasikika ukelele mmoja, halafu mwanamke yule akawa anacheka na kulia na kumtaja Yesu kwa pamoja. Mimi nalia, kinamama wa sokoni waliokuwa wakipita wamesimama kututazama. Mama peke yake alikuwa mkavu. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Subiri, Mama, usikate!" mwanamke akasema. "Yuko hapa nyuma anapasua kuni. Ngoja nimwite aje aisikie sauti yako!"

"Usimwite," Mama akasema.

"Nisimwite?"

"Nakuomba, mwanangu. Wala usimwambie. Mwache aje kwenye kaburi. Akijua niko hai, hatakuja."